Seva Wakala: Mlinda Lango wa Mtandao

Mtumiaji anayejiunga na Wi-Fi ya nyumba ya wageni, iwe Lushoto mjini au Soni, huenda asijue kwamba kila ukurasa anaoufungua hupitia kwanza katika seva wakala. Hii ni kompyuta inayosimama kati ya wateja na intaneti. Hufuata kanuni za mwenye mtandao: kuruhusu tovuti hizi, kuzuia zile, au kupunguza kasi ya video ili kifurushi kimoja kiwatoshe wengi.

Kanuni hizo zina manufaa. Lakini mlinda lango huwaona wapitao. Anwani ya tovuti ikianza na “https”, seva huona jina la tovuti tu; nywila na ujumbe hubaki siri. Siri hiyo huweza kuvunjika endapo utakubali kuweka katika simu yako cheti cha usalama cha mwenye mtandao.

Kwa hiyo:

- Uliza ni kumbukumbu zipi zinazohifadhiwa.
- Usikubali cheti hicho katika simu yako binafsi.
- Kwa miamala ya fedha, tumia kifurushi cha laini yako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akujulishe madhumuni yake. Kuuliza ni haki yako.