Je, Wajua? Mpaka Unaovukwa kwa Miguu, Gisenyi

Rwanda haina reli, hivyo Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu, hauna stesheni ya treni. Hata hivyo, msongamano wa watu katika Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani kinachouunganisha mji huo na Goma, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulizidi ule wa stesheni nyingi, kwa kuwa kabla ya mpaka kufungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, makumi ya maelfu ya watu walikivuka kila siku, wengi wao wakiwa wanawake wenye mabeseni ya nyanya, karoti na maziwa. Miongoni mwao walikuwamo pia watu wenye ulemavu waliosafirisha shehena nzito kwa baiskeli za magurudumu matatu.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu, ambao ulilenga, pamoja na mengine, kuboresha miundombinu ya vivuko na kuwapa wafanyabiashara wadogo mazingira salama zaidi. Jambo hili lina uzito, kwani pale ambapo watembea kwa miguu, mikokoteni na magari hubanana katika njia moja, mchuuzi mwenye mzigo kichwani hawezi kukwepa kwa wepesi, wala hana pa kukimbilia anapodaiwa rushwa.