Sehemu Nane Tu

Februari 2021, jukwaa la mtandaoni la Showmax na kampuni ya Ufaransa ya Canal+ zilizindua Crime and Justice, tamthilia ya polisi yenye makao yake Nairobi. Wapelelezi wawili, Makena anayeigizwa na Sarah Hassan na Silas anayeigizwa na Alfred Munyua, hupewa kesi mpya katika kila sehemu. Kesi inapelelezwa, mtuhumiwa anafikishwa mahakamani, mambo yanaisha. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu nane. Kabla ya kumlaumu mwigizaji au mwandishi yeyote, namba hiyo ndiyo ya kuchunguzwa.

Kwamba sehemu za mwanzo hazilingani kwa ubora, hilo halina ubishi. Hassan na Munyua wanapoachwa peke yao, wakibishana juu ya shahidi, tamthilia ina uhai. Mawakili wakiingia, mazungumzo yanageuka maelezo: wahusika wanaambiana mambo wanayoyajua tayari, ili mtazamaji ayasikie. Kesi nyingi zimeegemea habari zilizowahi kutikisa magazeti, na hapo pana mtego. Mtazamaji anafika akiwa ameshajua mkosaji ni mtu wa namna gani, hivyo upelelezi unabaki kuthibitisha badala ya kutafuta. Tena nusu ya polisi na nusu ya mahakama zinabanwa ndani ya muda usiozidi saa moja, na inayominywa zaidi ni ile ya pili.

Muundo huu si mgeni. Law & Order ya Marekani iliutumia tangu 1990, na historia yake inafundisha. Sehemu ya majaribio ilipigwa picha 1988, kituo cha CBS kikaikataa; NBC ilipoichukua tamthilia, ile ya majaribio ikarushwa ikiwa ya sita. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 22. Hill Street Blues, tamthilia nyingine ya polisi ya huko iliyoanza Januari 1981, ilitazamwa na watu wachache mno katika msimu wake wa kwanza wa sehemu 17. Haikufutwa, na mwaka huohuo ikanyakua tuzo nane za Emmy. Si kwamba waandishi wa kule wana vipaji kuliko wa Nairobi. Walipewa nafasi ya kukosea wakiwa kazini. Katika mfumo ule, sehemu za mbele huandikwa huku za nyuma zikiwa hewani. Mwandishi anaona mhusika gani amependwa na tukio gani limeanguka, anarekebisha. Msimu mfupi wa mtandaoni kwa kawaida hupigwa picha wote kabla mtazamaji hajaona hata dakika moja. Maoni yanamfikia mwandishi akiwa ameshalipwa na kuondoka.

Kwa hiyo tunachokiita sehemu za mwanzo ndio msimu mzima. Crime and Justice ilibahatika kuagizwa msimu wa pili. Ila kikosi kikitawanyika, tamthilia nyingine ya polisi itakayokuja haitaanzia pale hii ilipofika. Itaanza na watu wengine na makosa yaleyale.

Kwa nini basi zisiagizwe ndefu? Jibu limo katika hesabu ya utayarishaji. Kila kesi mpya inadai maiti mpya, nyumba mpya, mashahidi wapya, wakili na mtuhumiwa ambao hawataonekana tena. Tamthilia ya familia inahitaji sebule mbili na geti moja, na vyote vinatumika mwaka mzima. Huba na Jua Kali za Tanzania zimedumu kwenye chaneli ya Maisha Magic Bongo kwa sababu hiyo pia, na kwa kudumu zimejifunza. Hata Kenya, sheria iliyokaa miaka mingi kwenye televisheni ni ile ya kuchekesha: Vioja Mahakamani ya KBC, inayohitaji kizimba na meza ya hakimu, na Inspekta Mwala. Mhasibu anayechagua sebule hakosei hesabu zake.

Na mfuko wenyewe unapungua. MultiChoice, mmiliki mkuu wa Showmax, ilipoteza wateja milioni 2.8 katika miaka miwili, wakabaki milioni 14.5 Machi 2025. Septemba mwaka huo Canal+, mshirika wa 2021, ikawa mwenye nyumba. Kampuni inayopoteza wateja kwa kasi hiyo inakata kwanza kile kinachogharimu zaidi kwa dakika, na tumeshaona ni kipi.

Athari ya misimu mifupi inaonekana vizuri zaidi mbali na Nairobi. Mwera, wilayani Pangani, Tanzania, mtu mzima hahitaji kufundishwa utaratibu wa polisi. Anajua kwamba bila RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, malalamiko yake hayana pa kushika, na kwamba aliyejeruhiwa katika ugomvi hupitia kituoni kuchukua fomu ya polisi ya PF3 ndipo aende hospitali. Mtazamaji wa namna hii huipima tamthilia kwa karatasi, wala si kwa bastola. Mpelelezi akiokota kisu kwa mkono mtupu na baadaye kisu hicho kikawa kielelezo mahakamani, imani imeondoka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kufuta hukumu kwa sababu haikuonyeshwa kielelezo kilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Kesi za kweli hufia hapo, na hapo ndipo palipo na mvuto ambao msimu wa sehemu nane hauna muda wa kuufikia.

Malighafi haikosekani. Katika riwaya za Kiswahili, mpelelezi Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwa akifumbua mafumbo ya Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale tangu 1960. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula ilitoka 1965. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa walisomwa mpaka vitabu vikachanika. Wapelelezi hawa walipata kitabu cha pili, cha tatu, cha nne. Msomaji wa pwani alikua pamoja na mpelelezi wake, kwa Kiswahili chake. Crime and Justice ilikuja kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili cha Nairobi, tena kupitia intaneti ya kulipia, ambako bando la kutazama sehemu moja hushindana na bei ya unga.

Pengo halibaki wazi. Linajazwa na filamu za Marekani zinazosimuliwa na madijei vibandani na tamthilia za nje zinazotafsiriwa sauti kwenye king'amuzi. Matokeo yake si ya sanaa peke yake. Kijana anayekulia mbele ya skrini hizo anaweza kukariri haki ya kukaa kimya jinsi polisi wa Marekani wanavyomsomea mtuhumiwa tangu uamuzi wa kesi ya Miranda wa 1966. Saa 24 za kufikishwa mahakamani ambazo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inaziweka kwa aliyekamatwa hapa kwake Tanzania, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, hajawahi kumsikia mhusika yeyote akizitaja.