Chai Inachunwa Kapkatet, Bei Inaamuliwa Mombasa: Huu Mji Ulianzaje?

Ukikaa Kapkatet, jina Mombasa unaliskia mara mbili kwa mwaka: Desemba wasee wakienda kujibamba, na msimu wa bonasi. Mathe amechuna majani chai mvua ikimnyeshea, alafu anaambiwa bei ilitoka Mombasa. Kwani huko kuna shamba gani la chai?

Hakuna. Huo mji tangu kitambo umekula kwa kuuza vitu haulimi.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita hapo 1331 akalala usiku mmoja tu. Alipata kisiwa chenye ndizi, samaki na misikiti ya mbao imejengwa fiti. Nafaka? Ilibidi iletwe kutoka ng'ambo.

Lakini walikuwa na bandari poa, maji yenye kina yanayoingia hadi ndani, chombo kinajificha mawimbi. Na walikuwa na upepo. Kaskazi ilisukuma majahazi kutoka Uarabuni na India kuanzia mwisho wa mwaka. Kurudi, unangoja kusi, kama Aprili hivi. Hiyo miezi ya kungoja ndiyo ilijenga mji: mabaharia wanapanga nyumba, wanauza nguo, wananunua pembe za ndovu zilizotoka bara, wengine wanaoa kabisa. Wenyeji nao husimulia kuhusu malkia Mwana Mkisi, kisha Shehe Mvita, ndio maana mji unaitwa Mvita.

Doo ikionekana, wezi nao hufika. Vasco da Gama alikuja 1498, akaona hapakaliki, akaenda Malindi. 1505 Wareno wakarudi na Francisco de Almeida, wakapora, wakachoma mji. Fort Jesus waliianza 1593. Waomani wakaizingira 1696 na hawakutoka hadi 1698 walipoingia. Karibu miaka tatu nje ya ukuta, imagine!

Bara yetu iliunganishwa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Meli kubwa zikahamia Kilindini, bandari ya zamani ikaachiwa majahazi. Ndio maana 1969 mnada wa chai ulitolewa Nairobi ukapelekwa huko: mnunuzi anataka mzigo ukiwa karibu na meli. Saa hii hata chai ya Uganda na Rwanda inauzwa hapo, kwa dola.

Mathe mwenyewe hajawahi kuona bahari. Chai yake imeshaenda mara mob.