Hata Rambo Alilia: Kweli na Uongo wa Filamu Kuhusu Kiwewe

Ukiketi kwenye kibanda cha video Kondele au Nyalenda, hapa Kisumu, DJ Afro akitafsiri huku akitia chumvi, utajua mapema nani atapona. Steringi hupigwa, hufiwa na mke, huota moto usiku mmoja au miwili, kisha huchukua bunduki. Adui wa mwisho akianguka, roho yake imetulia na watu wanadai picha nyingine. Lakini watazamaji wenyewe wanaishi kando ya ziwa linalomeza wavuvi, katika mitaa iliyosikia risasi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na tena Agosti 2017. Wana cha kulinganisha na yale filamu huwaambia.

Mwenye kiwewe ni mtu hatari.
Si kweli, na wa kulaumiwa zaidi ni Rambo, au tuseme sifa aliyopewa Rambo. Katika picha ya kwanza, *First Blood* ya mwaka 1982, anakufa binadamu mmoja tu, naye anaanguka kutoka kwenye helikopta. Picha inaishia kwa mwanajeshi huyo kuketi sakafuni akilia mbele ya kamanda wake wa zamani. Hapo wengi wetu tulikuwa tumeshainuka kutafuta viatu. Zilizofuata zikafuta kilio, zikaongeza maiti. Mtu aliyeumia hivyo aghalabu hujitenga, hunyamaza, hukosa usingizi. Wa kumhofia ni nadra.

Aliyeumia hubadilika sauti na sura, akatisha.
Uongo, tena huu ulitugusa nyumbani. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, aliigiza wahusika wawili katika *Us* ya mwaka 2019. Mmoja wao, Red, ana sauti ya kukwaruza inayosisimua mwili. Lupita alieleza kwamba sehemu ya sauti hiyo aliitoa kwenye ugonjwa halisi wa sauti, ule unaobana nyuzi za sauti. Wenye ugonjwa huo walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho, naye akaomba radhi hadharani. Ninamsifu kwa hilo kuliko kwa uigizaji wenyewe, ingawa uigizaji ule ni wa kutetemesha.

Kila aliyeona maafa ataugua.
Si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 7 kati ya 10 hupatwa na tukio la kutisha maishani, na asilimia 5.6 ya hao ndio wanaougua ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Walio wengi hushtuka, huomboleza, huzikana, hurudi kazini.

Kumbukumbu hurudi kama sinema.
Nusu kweli. Kumbukumbu hurudi bila kuitwa, ila si lazima ije ikiwa na mwanzo, kati na mwisho. Inaweza kuwa harufu tu. Tairi linachomwa mahali, moshi mweusi unapanda, na mama muuza omena anajikuta amekusanya bidhaa zake huku moyo ukimdunda, hata kabla hajauliza kuna nini. Dalili ambayo filamu hushindwa kabisa kuionesha ni ile ya kukwepa. Mtu anazunguka njia ndefu asipite mahali fulani, anazima redio kampeni zikianza, anaacha kwenda ziwani na kusema siku hizi mgongo unamsumbua. Kamera haina cha kupiga hapo, kwa sababu hakuna kinachotokea.

Muda huponya.
Wengine, ndiyo. Lakini tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ile ambayo mpaka leo tunaiita Russia, kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Akarushiana maneno na mpinzani wake, Jaramogi Oginga Odinga, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wamesema miaka yote kwamba ni vingi zaidi. Wapo wazee walioyaona hayo ambao wakiugua hupelekwa kutibiwa katika hospitali hiyohiyo. Muda umepita wa kutosha, na bado uchaguzi ukikaribia watu husafirisha watoto ushago.

Kilio kimoja kikubwa, kumbatio moja, mtu amepona.
Huu ndio uongo mtamu kuliko wote. *Good Will Hunting* ya mwaka 1997 iliujenga vizuri sana: mshauri anarudia sentensi moja hadi kijana anavunjika, anakumbatiwa, na maisha yanafunguka. Filamu zetu za wachungaji hufanya vilevile, ila kwa kupiga kelele na kusukuma mtu paji la uso.

Hapa Kisumu njia nyingine imepimwa. Wanawake 256 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia na kupata sonona pamoja na mfadhaiko baada ya kiwewe, walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Nusu yao walipata vikao 12 vya mazungumzo, mara moja kwa wiki, na waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Matibabu ya aina hiyo hayamlazimishi mtu kusimulia tena yaliyomkuta. Huuliza juu ya sasa: umefiwa? Mna ugomvi nyumbani? Maisha yamekubadilikia? Uko peke yako? Kisha wiki nzima inakwenda katika kazi ndogo, kwa mfano kumwambia shemeji jambo ambalo umelimeza miezi. Baada ya miezi mitatu, waliopata vikao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Ng'ambo ya ziwa, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, matibabu ya namna hiyo, kwa vikundi, yalikuwa yameshapunguza sonona. Matokeo yalitoka mwaka 2003.

Basi filamu haziwezi kabisa.
Si kweli. *Something Necessary* ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013, inamfuata Anne, ambaye ghasia za uchaguzi zimemwachia mume aliyeuawa, mtoto aliyejeruhiwa na shamba lililobomolewa. Anang'ang'ana kuijenga upya nyumba. Joseph, kijana aliyeshiriki ghasia hizo, anavutwa kurudi shambani hapo, naye hajui atafanya nini na hatia yake. Hakuna bunduki ya kulipiza. Ningependa ioneshwe kibandani Nyalenda badala ya hotelini, na DJ Afro apewe kipaza sauti aitie maneno.