Mimba tatu, karatasi tatu: msimbo ambao haukuandikwa

Mwezi wa pili mwaka huu dada yangu alipanda daladala kutoka Temeke mpaka Mikocheni, akashuka kwa Warioba, akaja getto kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi za vituo vitatu tofauti, ambavyo sitavitaja. "Mdogo wangu, wewe si ndiyo unasoma udaktari? Hebu nisomee hapa. Kwani mimi nimetoa mimba?"

Karatasi zilikuwa na neno "abosheni". Mtaani neno hilo lina maana moja tu, na sheria yetu ya kanuni za adhabu inaijua vizuri. Kwenye vitabu vya tiba maana yake ni pana: mimba yoyote iliyokoma kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa. Kwa desturi ya hapa kwetu mpaka ni wiki 28. Dada hakuyajua hayo, na mama mkwe wake, aliyeziona karatasi kabla yangu, hakuyajua pia. Nyumba ilikuwa imeshachafuka.

Lakini kilichonishtua mimi ni herufi na namba zilizoandikwa pembeni. Wenyewe kazini wanaziita "kodi". Mimi nitasema msimbo, usije ukadhani naongelea za TRA.

Misimbo hii inatoka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD. Mwanzo wake ni orodha ya sababu za vifo ya Mfaransa Jacques Bertillon, iliyopokelewa Chicago mwaka 1893. Toleo la kumi lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, na ndilo nililolikuta kwenye karatasi za dada. Toleo la 11 lilipitishwa 2019 na kuanza rasmi Januari 2022. Fomu ya madai ya NHIF ina sehemu ya msimbo wa ugonjwa. Kwa hiyo hata wewe uliyelipa 50,400 yako ukaenda kutibiwa mafua, kuna mtu alikugeuza herufi na tarakimu.

Sasa tazama za dada. Ya kwanza: O03.4, mimba iliyoharibika yenyewe na haikutoka yote. Ya pili: O02.1, kijusi kilikufa na kubaki tumboni. Ya tatu: O06.9. Hapo nilikaa kimya kidogo. O06 ni abosheni isiyoelezwa ni ya aina gani. Yaani aliyeandika hakusema kama iliharibika au ilitolewa. Kuharibika kwenyewe kuna O03, kutolewa kitabibu kuna O04. Mtu alikuwa na haraka, foleni ndefu, akachagua ile isiyomlazimu kuuliza. (Na hiyo mwanzoni ni herufi O, siyo sifuri. Ukiandika sifuri kompyuta haitaitambua.)

Kila karatasi, ukiiangalia peke yake, karibu iko sawa. Tatizo ni kwamba ni matukio matatu yasiyojuana. Hakuna aliyejumlisha.

Na msimbo wa kujumlisha upo. Ni N96, upotevu wa mimba unaojirudia. Una masharti yake: unaandikwa kwa mwanamke ambaye kwa sasa hana mimba, anayechunguzwa au kuhudumiwa kwa sababu mimba zimekuwa zikitoka. Akishika mimba nyingine, anahamia O26.2. Na siku mimba inapoharibika, hapo hapo kitandani, inaandikwa O03 na wenzake. Umeona mtego? Mwanamke anafika hospitali siku anayovuja damu, siku ambayo kanuni haimpi N96. Ili aipate lazima arudi akiwa mzima, na aseme "nimekuja kwa sababu imetokea tena". Sasa nani anarudi? Dada kila mara alisafishwa, akapewa dawa, akaambiwa "pole, utapata mwingine".

Ni mara ngapi ndiyo inahesabika? Hapa wakubwa wenyewe hawapatani. Chama cha Ulaya cha uzazi, ESHRE, tangu 2017 kinasema mbili zinatosha. Wamarekani pia mbili. Madaktari wa uzazi wa Uingereza wanasema tatu. Mimi nipo na hao wa mbili. Kumwambia mtu akapoteze mwingine kwanza ndipo tumpime ni ukatili, hata kama kuna hoja ya gharama.

Jina nalo lina historia mbaya. Kiingereza cha toleo la kumi kilimwita mwanamke huyo, kwa tafsiri yangu, mwenye mazoea ya kuharibu mimba. Mazoea, jamani, kama ulevi! Toleo la Marekani lilibadilisha, na ICD-11 imeweka jina la hali yenyewe badala ya jina la mtu, kwenye msimbo GA33.

Unaweza kuuliza, karatasi itazuia nini? Haizuii mimba kutoka. Ila anayehakiki madai ya bima anaangalia kama kipimo kinaendana na ugonjwa ulioandikwa. Ukiandika O03 halafu ukaomba vipimo vya tezi, sukari, umbo la mfuko wa uzazi na kingamwili zinazogandisha damu, maombi yanaonekana ya ajabu. Ukiandika N96 yanaeleweka. Karibu nusu ya wanawake hawa hawapatikani na sababu yoyote, lazima niseme ukweli. Lakini tatizo la kingamwili likikutwa lina tiba inayofahamika, aspirini kidogo na heparini, na ni uchungu kulikosa kwa sababu ya kutojumlisha.

Nilimwandikia dada tarehe tatu na wiki za kila mimba kwenye karatasi moja. Jumatatu iliyofuata tulikwenda wote kliniki ya magonjwa ya wanawake, tena na shemeji, ambaye nilitaka asikie kwa masikio yake. Daktari alisoma, akauliza maswali, akaandika N96. Shemeji akaomba aelezwe ile abosheni, akaelezwa, akaomba aandikiwe kwa Kiswahili ampelekee mama yake. Akaandikiwa.

Kipimo cha kingamwili cha kwanza kimerudi na alama ya chanya. Hakihesabiki mpaka kirudiwe baada ya wiki 12. Tuko wiki ya saba.