Kurudi Palipouma: Utangulizi wa Taaluma ya Tiba ya Kiwewe

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wahenga walikuwa wameshaona jambo ambalo maabara za saikolojia zilikuja kulithibitisha baadaye sana: hofu haikai pale ilipozaliwa. Huanzia kwa nyoka, ikahamia kwenye unyasi, kisha kwenye njia yenye unyasi, kisha kwenye shamba zima, mpaka mwenyewe akawa hatoki nje ya ua wake. Taaluma ninayokukaribisha, ndugu msomaji, inachunguza safari ya kinyume chake: mtu anarudije shambani, na nani amsindikize.

Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa saikolojia na uuguzi, lakini pia kwa mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, sheikh, mchungaji, na mtu yeyote mwenye ndugu aliyebadilika tangu lilipompata jambo zito.

Kiwewe ni jeraha linalobaki katika nafsi baada ya mtu kupitia au kushuhudia tukio la kutisha kupita kiasi: vita, ubakaji, ajali, mauti ya ghafla ya mzazi. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, wakishikwa mkono na jamaa na majirani. Wapo, hata hivyo, ambao kwao tukio linakataa kuwa la jana. Huwajia usiku katika jinamizi. Huwarukia mchana kwa harufu ya moshi au mlio wa tairi lililopasuka, na mwili ukatetemeka kana kwamba jambo lile linatokea sasa hivi. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza hali hii katika mwongozo wake wa maradhi, ingawa yenyewe ni kongwe kuliko mwongozo wowote.

Kinachoikomaza hali hii ni kukwepa. Mama aliyevamiwa njiani huacha njia ile, halafu huacha kutoka jioni, halafu huacha kwenda sokoni. Kila anapokwepa hupata ahueni ya haraka, na ubongo wake husadiki kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Hivyo hakosi tu soko, bali hukosa pia nafasi ya kujua kwamba hatari ilishapita.

Katika jamii zetu ushauri wa kwanza anaopewa mtu wa namna hii ni asahau. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo imepatanisha ndugu wengi, nami sina ugomvi nayo. Lakini kwa mtu ambaye yaliyopita humrudia kila usiku, ndwele ni hayo hayo yaliyopita, na yajayo hayagangiki kabla hayo hayajaguswa. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Ningependa uingie ukiwa na hoja moja, maana ushahidi utakaoukuta mbele unaizunguka: kurudi kwenye maumivu peke yake hakumponyi mtu. Kinachoponya ni namna anavyorudi. Arudi kwa hiari yake, kwa mpangilio, akiwa na mtu aliyefunzwa kando yake, na akae huko muda wa kutosha hofu ipande mpaka ishuke yenyewe.

Mwaka 1917, katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart huko Scotland, daktari W. H. R. Rivers alikuwa akiwatibu maofisa wa Uingereza waliotolewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa hawalali na hawatulii. Wengi walikuwa wameshauriwa wayafukuze mawazo ya vita. Rivers aliona kwamba jitihada za kuyafukuza ndizo zilizokuwa zikiwamaliza. Ofisa mmoja aliota usiku baada ya usiku maiti ya rafiki yake iliyokatwakatwa na mlipuko. Rivers alimwongoza aitazame tena katika kumbukumbu, mpaka akaona kwamba majeraha makubwa kiasi kile ni ushahidi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuteseka. Ndoto zikaanza kubadilika. Alipoamka alilia kwa huzuni ya kufiwa, si kwa woga. Rivers aliandika pia habari za ofisa mwingine ambaye kumbukumbu yake haikuwa na upande wowote wa kushikika, na kwake njia hiyo haikufaa. Tangu mwanzo, basi, tiba hii ilizaliwa pamoja na mipaka yake.

Miaka hiyo hiyo vita hivyo vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vikiendelea huku kwetu pia. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam hadi leo inabeba jina la kikosi chao. Waliosalia walirudi vijijini na ndoto zao, bila Craiglockhart yao. Ukisoma historia ya taaluma hii, usiache kuuliza ni nani aliyesikilizwa na ni nani hakusikilizwa.

Hatua nyingine kubwa ilitoka Afrika. Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alitumikia jeshi la Afrika Kusini katika Vita vya Pili vya Dunia, akaona kwamba dawa walizopewa askari ili wafunguke na kusema hazikuwaponya vya kutosha. Baada ya vita, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichunguza paka waliotiwa hofu ya kizimba. Akawalisha mbali na kizimba, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi, na hofu ikapungua. Mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alikuwa amefanya jambo la aina hiyo mwaka 1924 kwa mtoto aliyeogopa sungura. Kitabu cha Wolpe cha mwaka 1958 kiliipa njia hii mfumo: mgonjwa na mtabibu hupanga hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, wakazikabili moja baada ya nyingine. Baadaye mwanasaikolojia Edna Foa, huko Philadelphia, aliipeleka kazi hii kwenye kumbukumbu zenyewe, akiwaongoza wanawake waliobakwa kusimulia tukio kwa sauti, tena na tena, mpaka kulikumbuka kukawa jambo linalovumilika.

Kwa nini kukabili kunasaidia? Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele ya hatari. Nyingine, hipokampasi, husaidia kulipa tukio mahali na wakati wake. Katika kitisho kikubwa, harufu, sauti na maumivu huchorwa kwa nguvu, ilhali mahali na wakati huchorwa hafifu. Ndiyo maana kumbukumbu ya kiwewe hurudi bila tarehe. Tiba hulenga kuirudishia tarehe hiyo, ili mwili nao ujue kwamba lile lilitokea, liliisha, na mwenyewe yu hai. Zamani ilidhaniwa kuwa hofu hufutika kabisa. Kazi za mwanasaikolojia Mark Bouton na wenzake zilionyesha kwamba fundisho jipya hukaa kando ya lile la zamani bila kulifuta, na kwamba mahali mtu alipo huamua lipi litashinda. Kwa hiyo aliyetulia ndani ya chumba cha mtabibu anaweza kushikwa na hofu akifika stendi ya mabasi, na mtabibu mzuri humfanyisha mazoezi hadi huko stendi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, sura iliyo karibu zaidi na nyumbani ni tiba ya kusimulia maisha, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Mizizi yake mojawapo iko Chile, ambako wakati wa udikteta wa Pinochet wanasaikolojia waliandika ushuhuda wa watu walioteswa, wakaona kwamba kuandikiwa ushuhuda kuliwapa nafuu. Katika tiba hii kamba hutandazwa sakafuni, nayo ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kila furaha huwekewa ua, kila msiba jiwe. Katika vikao vinavyofuata, vya dakika 90 au zaidi, mtu husimulia maisha yake kwa mpangilio. Anapofika kwenye jiwe, msimulizi na msikilizaji hupunguza mwendo. Uliona nini? Ulisikia nini? Mwili ulihisi nini wakati ule, na unahisi nini sasa hivi, hapa tulipoketi? Hawaondoki hapo mpaka hofu imeshuka. Msikilizaji huandika, na kikao kinachofuata humsomea alichosema ili akisahihishe. Mwishoni mwenye maisha hukabidhiwa maandishi yake. Maua nayo yana kazi yake, kwa kuwa mtu aliyeteswa ana haki ya kukumbuka pia kwamba aliwahi kupendwa.

Njia hii ilijaribiwa miongoni mwa wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wapo waliosimulia maisha yao kwa vikao 4, wapo waliopata ushauri nasaha wa kawaida, na wapo waliopewa elimu tu kuhusu kiwewe. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na maradhi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 29. Katika makundi mengine mawili walikuwa asilimia 79 na 80. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mwingine kutoka makazi ya Nakivale, huko huko Uganda, uliohusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Safari hii waliotibu hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa, wakimbizi wakiwa miongoni mwao. Waliosimulia walipata nafuu kubwa, na waliopewa ushauri nasaha uliogusa kiwewe chao walikaribiana nao, ingawa wengi zaidi miongoni mwa hao wa pili waliacha tiba njiani. Nchi zetu zina madaktari wachache wa akili. Nakivale ilionyesha kwamba kazi hii inaweza kufanywa na jirani aliyefunzwa vizuri na anayesimamiwa.

Sasa weka ushahidi huo kando ya huu mwingine. Nchini Rwanda mahakama za gacaca zilienea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2012. Manusura walisimama mbele ya kijiji kizima, wauaji wakiwamo, wakaeleza waliyoyaona katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wengi walitumaini kwamba kusema ukweli kungewaponya. Mtafiti Karen Brounéus aliwahoji Wanyarwanda 1,200, na katika utafiti wake wa mwaka 2010 akakuta kwamba waliotoa ushahidi walikuwa na sonona na kiwewe zaidi kuliko wasiotoa. Gacaca ilikuwa na malengo ya haki na historia, na hayo yapimwe kwa mizani yake. Lakini mtu aliyesema mara moja, hadharani, mbele ya aliowaogopa, kisha akarudi nyumbani peke yake, hakupata tiba. Vivyo hivyo, ule utaratibu wa kuwakusanya watu mara tu baada ya maafa na kuwataka waeleze yote katika kikao kimoja umepimwa mara nyingi bila kuonyesha faida, na baadhi ya watu uliwazidishia maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 hushauri mambo matatu ya unyenyekevu kwa siku za mwanzo: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Asiyetaka kusema, asishurutishwe.

Wala si kila aponaye hulazimika kusimulia tukio lenyewe. Mashariki mwa Kongo, katika vijiji vya Kivu, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kijinsia walishiriki katika utafiti ulioongozwa na Judith Bass na kuchapishwa mwaka 2013. Katika baadhi ya vijiji waliketi kwa makundi, wakaongozwa na wasaidizi Wakongomani, bila kutakiwa kueleza waliyotendewa. Walichokikabili ni mawazo yaliyobaki: kwamba kosa ni lao, kwamba hawana thamani tena. Miezi 6 baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkali walikuwa asilimia 9, ilhali kwenye vijiji vilivyopata msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42. Wanawake hawa nao walirudi palipouma, ila kwa kupitia maana ya tukio na si picha zake.

Kwa watoto, kazi ya Shannon Dorsey na wenzake iliyochapishwa mwaka 2020 iliwafikia watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Washauri waliofunzwa waliwaongoza watoto kwa makundi, na walezi wao wakashirikishwa. Mafanikio yalikuwa makubwa na ya kudumu zaidi Kenya kuliko Tanzania. Tofauti hiyo inatufundisha kuwa tiba haihamishwi kama ilivyo kutoka mahali hadi mahali. Nyumba, shule na hali ya maisha ya mtoto huingia naye ndani ya chumba cha tiba.

Mbele yako kuna kazi nyingi. Vitabu vingi vya mafunzo haya bado ni vya Kiingereza, wakati wanaohitaji tiba huota, hulia na husimulia kwa Kiswahili au kwa lugha za mama zao. Tunahitaji watafiti watakaopima njia hizi mjini na vijijini, na wasimamizi watakaowatunza wasikilizaji, maana anayesikiliza maumivu kila siku naye huumia. Tunahitaji pia unyofu wa kukiri kwamba mama anayelala karibu na adui wake hahitaji kwanza mazoezi ya kukabili hofu, anahitaji usalama.

Usiondoke kwenye kurasa hizi ukaanza kumhoji jirani yako kuhusu siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Jifunze kwanza, chini ya aliyetangulia. Na siku utakapokuwa mtabibu, au utakapomtafutia tiba mtu umpendaye, uliza maswali matatu kabla ya kikao cha kwanza. Nani atakuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho? Wataanzia wapi, na kwa nini hapo? Akisema nimechoka, watasimamaje, na atarudije nyumbani akiwa salama? Asiye na majibu ya hayo hajawa tayari kumrudisha mtu yeyote palipomuuma, hata akiwa na shahada ngapi.