Ukishuka Kisumu, Nani Ashike Saa Yako?

Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea Kisumu Desemba 2021, baada ya kimya cha takriban muongo mmoja. Ratiba iliyotangazwa ilikuwa nyepesi kukumbuka: unaondoka Nairobi Ijumaa jioni, unalala njiani, unaamkia kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni, kisha unashuka Kisumu Jumamosi asubuhi. Kurudi ni Jumapili jioni. Nje ya stesheni abiria hugawanyika mara moja. Kuna wanaosubiriwa na dereva aliyeshika karatasi yenye majina yao, wakaingia kwenye gari na kwenda walikopangiwa. Na kuna wanaobaki na begi mgongoni, wakiitwa na watu wa tuktuk na bodaboda, hawajaamua waanzie wapi.

Mgawanyiko huo wanaufahamu vizuri wasafiri wa meli za kitalii zinazotia nanga Mombasa. Meli huingia asubuhi na huenda ikang'oa nanga siku hiyohiyo. Abiria ana njia mbili: anunue ziara inayouzwa melini, au ashuke mwenyewe na kujitafutia. Tofauti kubwa ni saa. Basi la ziara ya meli likichelewa barabarani, kwa kawaida meli husubiri watu wake. Aliyejiendea akichelewa, meli huondoka, naye hujigharimia mpaka bandari inayofuata. Ndiyo maana wenye uzoefu hutenganisha mambo. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko mjini, na tuktuk humfikisha mtu kwa muda mfupi. Hiyo haihitaji basi la mtu. Tsavo Mashariki ni mbali, barabara ni ile ya malori ya Nairobi, na huko ni heri kwenda na gari ambalo meli haiwezi kuliacha.

Kisumu haina meli za aina hiyo leo, ingawa mji wenyewe ulizaliwa na safari za meli. Reli ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli hiyo. Meli ya mvuke William Mackinnon ilikuwa imeshatangulia: vipande vyake vililetwa kutoka ng'ambo, vikaunganishwa papo hapo Kisumu. Mwaka 1961 ikaanza kazi MV Victoria, nayo iliyoundwa Scotland na kuunganishwa hapa. Wazee wa Kendu Bay na Homa Bay wanakumbuka enzi ambazo honi ya meli ndiyo iliyokuwa saa ya soko. Siku hizi MV Victoria imekarabatiwa na makao yake ni Mwanza, na MV Uhuru ya mwaka 1966 hubeba mabehewa ya mizigo. Mgeni anayetaka kulizunguka ziwa upande wa Kenya hana budi kuunga safari yake mwenyewe: treni au matatu, kisha boti, kisha feri, kisha boda. Swali la Mombasa linamfuata hukohuko. Kipi anunue kikiwa kimepangwa, kipi ajiendee?

Mjini kwenyewe hakuna haja ya kampuni. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, ni mwendo wa tuktuk tu kutoka katikati ya mji, na ndiko pazuri pa kuanzia, ingawa wageni wengi huharakia ziwani. Ndani yake kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa ili watu waone mpangilio wa nyumba. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, imetazamana na lango. Nyachira, mke wa pili, ana upande wake, na reru, wa tatu, ana wake. Dakika 20 katika boma hilo zitamfaa mgeni siku nzima.

Zitamfaa hasa akienda Kit Mikayi. Mawe hayo makubwa, yaliyopandana mpaka kufikia urefu wa takriban mita 40, yako kando ya barabara ya Bondo, karibu kilomita 30 kutoka Kisumu. Matatu za Bondo hupita hapo; ukishuka stejini unatembea au unapanda boda. Maana ya jina ni jiwe la mke wa kwanza. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hili hata akawa anashinda pangoni kutwa, na mkewe akimpelekea chakula hukohuko. Watu walipomuuliza mama yule mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mikayi wake. Aliyepita Ber-gi-dala analielewa jibu hilo bila kufafanuliwa: mwanamke mwenye nyumba inayotazama lango amelipa jiwe nafasi yake.

Hapo Kit Mikayi, hata aliyekuja peke yake achukue mwongozaji wa kijijini. Njia ya kupita katikati ya mawe ni nyembamba, mahali pengine mtu hupita ubavu, na juu kuna utelezi. Zaidi ya hayo, pale ni mahali pa ibada. Waumini, wengi wao wa Legio Maria, huja kufunga na kusali, na mgeni anaweza kukuta mishumaa imewashwa ndani ya mwanya na mtu amepiga magoti. Mwongozaji anajua pa kusubiri na pa kuzima kamera. Makundi yanayoletwa na basi mara nyingi hupewa nusu saa, nayo haitoshi. Anayejiendea anaweza kukaa mpaka maombi yaishe, akaingia kwa adabu.

Majini mambo hubadilika, na huko ndiko mtu anapaswa kuwa mwangalifu kweli.

Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa hili, lina tabia yake ya kila siku. Asubuhi maji hutulia. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufuoni, na mawimbi huamka. Upande wa Kenya mawingu ya radi hupenda kukusanyika alasiri na jioni. Mvuvi wa Dunga hana haja ya kusoma haya mahali. Anayaona kwenye mafunjo yanavyoinama. Kisha kuna gugumaji, mmea uliovamia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Linasafiri na upepo. Ghuba iliyokuwa wazi jana inaweza kuamka imefunikwa zulia la kijani, boti zikafungiwa ufuoni na injini zikakabwa. Ziara iliyolipiwa Nairobi wiki mbili kabla haiwezi kujua hilo. Bichi inajua.

Kwa hiyo safari ya boti ni heri inunuliwe palepale ufuoni, lakini isinunuliwe kwa yeyote anayejitokeza. Kila bichi ina kamati yake ya usimamizi, ambayo watu wote huiita BMU, na Dunga, kilomita chache tu kusini mwa mji, ina waongozaji vijana wanaofanya kazi chini ya vikundi vyao. Waulizwe wao. Boti inayostahili ina jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, lenye mikanda inayofunga, na nahodha huwataka watu walivae kabla injini haijawashwa. Ikiwa majaketi yamerundikwa chini ya kiti kama mapambo, shuka. Na bei iulizwe kabla ya kupanda, ikiwa ni ya boti nzima au ya kichwa. Mara nyingi huwa ni ya boti, hivyo msafiri aliye peke yake hulipa sawa na watu watano. Dawa yake ni kuelewana na wenzake palepale, kama abiria wa matatu wanaosubiri gari lijae.

Malipo ya safari hiyo ni ya haki. Kinamasi cha Dunga ni miongoni mwa maeneo muhimu ya mafunjo nchini Kenya, na wapo ndege wasiopatikana penginepo isipokuwa kwenye mafunjo tu. Mwongozaji hodari huzima injini, akachukua kafi, boti ikateleza kimya pembeni mwa ukuta huo wa kijani. Unasikia kwanza, kabla ya kuona: mlio mkali wa furukombe juu ya mti mkavu, kisha mguno mzito wa kiboko. Hapo kijana huyo haendi karibu zaidi, hata abiria wakimsihi kwa ajili ya picha. Kukataa kwake ndiko unakolipia. Ziara za machweo ndizo zinazopendwa zaidi, maana jua huzama upande wa maji, nazo ni nzuri zikibaki karibu na ufuo. Kwa safari ndefu, kama ya Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986 yenye swala pala na nzohe, ondoka asubuhi.

Ukirudi Dunga, usikubali kupelekwa hotelini kula. Samaki wako pale: ngege waliotoka majini wamelazwa kwenye meza, na mnunuzi hunyoosha kidole kwa anayemtaka. Mama anampasua mistari ubavuni kwa kisu, anampaka chumvi, na mafuta ya moto yanamalizia kazi mpaka mapezi yanakuwa makavu ya kuvunjika. Wengine humtaka wa mchuzi wa nyanya na kitunguu. Analetwa na ugali na mboga, na maji ya kunawa hutangulia, maana hapa uma hauna kazi.

Mwenye siku mbili au tatu atalitazama ziwa kwa upana zaidi, na hapo feri ndiyo yenye uamuzi. Kutoka Luanda K'Otieno, kaunti ya Siaya, feri hubeba watu na magari kuvuka mlango wa Ghuba ya Winam mpaka Mbita kwa muda wa saa moja hivi. Kuzunguka kwa barabara kupitia Kendu Bay na Homa Bay ni zaidi ya kilomita 100, ingawa njia hiyo nayo ina utamu wake. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la kasoko ambako heroe hutua, na kisa chake ni cha kijiji kilichomnyima bikizee hifadhi usiku, kikamezwa na maji.

Feri ya mwisho ya jioni ndiyo meli ya Mombasa kwa jina jingine. Haisubiri. Mtu akifika Mbita, neno la kwanza kwa karani wa tiketi liwe: ya mwisho inaondoka saa ngapi? Akisahau, atalala upande ambao hakupanga, na treni yake ya Jumapili itampita.

Kutoka Mbita, Rusinga ni rahisi. Kisiwa kimeunganishwa na bara tangu miaka ya 1980, na boda hufika Kasawanga alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Hakuna mgeni anayehitaji maelezo marefu akisimama mbele yake. Kisiwa hikihiki ndiko Mary Leakey alikopata, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa miaka milioni 18 hivi. Lakini vilima vya visukuku si mahali pa kujichimbia peke yako; chukua mwenyeji anayejua pa kukanyaga.

Mfangano ni habari tofauti. Huko ni kwa boti tu, mbali kidogo magharibi, na kinachowavuta watu ni michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, inayonasibishwa na Watwa walioishi hapo kabla ya Waabasuba. Kuifikia Kwitone ni kupanda mlima. Michoro iko chini ya ulinzi wa jamii yenyewe, na Makumbusho ya Amani ya Abasuba ndiyo ya kupitia kwanza. Mahali hapo pamefungamana na matambiko ya mvua, na wapo wanaoyaamini mpaka leo. Kwa Mfangano, ziara iliyopangwa na wenyeji wa kisiwa inastahili kila shilingi, na haifai kubanwa ndani ya siku moja. Aliyeahidiwa Rusinga, Mfangano na kurudi Kisumu kabla ya giza ameuziwa safari ya kutazama saa.

Anayelala Mbita au Rusinga usiku usio na mbalamwezi hupata kitu ambacho ratiba nyingi hukikosa. Wavuvi wa omena huingia ziwani giza likishakamilika, kila boti na taa zake, kwa sababu dagaa hao hufuata mwanga. Ukisimama ufuoni unaona mji mzima umewaka mahali ambapo mchana palikuwa na maji matupu, taa zikipanda na kushuka pamoja na mawimbi. Wenyeji hupanga kazi hiyo kwa mwandamo wa mwezi, na mgeni naye anaweza kupanga likizo yake vivyo hivyo, kwa kuangalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Kukikucha boti zinarudi, na kina mama wanaosubiri na ndoo wanaanza kuzianika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, zikimetameta kama fedha kabla jua halijapanda.